Familia ya Usukani

Nianze kwa kusema wazi: magari mie siyajui wala siyapendi. Gari kwangu ni kitu cha kunifikisha Tandika mie na mizigo yangu, basi. Kwa hiyo asije mtu akadhani namsifia Godlisten kwa kuwa tulikuwa na ugonjwa mmoja. Ugonjwa ulikuwa wake. Mie nilikuwa muuguzi tu, tena muuguzi mwenye mdomo.

Tumefanya kazi pamoja miaka ishirini na miwili kwenye kiwanda cha uchapaji cha Bwana Thuwaini, Keko, hapa hapa Temeke, nyuma ya mafundi wa makochi. Godlisten anaendesha mashine. Mie nakunja, nashona, nagundisha, na kwa kuwa Mungu kanijalia mwandiko, naandika majina ya watu juu ya bahasha. Maana kazi yetu kubwa ni kadi. Kadi za harusi, za kipaimara, za sendofu, na zaidi ya zote kadi za mchango. Zile unazoletewa kazini na mtu anayetabasamu kupita kiasi, ndani zimeandikwa "Familia ya fulani inayo furaha kukujulisha," na chini namba tatu za simu za kutumia hela. Dar nzima hakuna asiyeijua kadi ya mchango, na hakuna anayeipenda, ila iwe ya kwake.

Godlisten ni Mchaga wa Machame. Anakaa Kibamba, kule mji unakoishia, na mkewe Gladness ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi. Mtu mrefu, mpole, anaongea taratibu kama kuna mtoto amelala chumba cha pili. Gari hana. Hajawahi kuwa nalo. Lakini mwonyeshe taa ya nyuma tu ya gari la spoti, atakwambia limetengenezwa mwaka gani na wapi, na aliyelichora alikuwa mtoto wa nani.

Siku moja nikamuuliza, "Kaka Godi, haya magari ya kukaa watu wawili, yanayokwaruza tumbo kila tuta, yalikuroga lini?"

Akanisimulia. Alikuwa na miaka tisa. Gari jekundu la milango miwili lilichemka mbele ya migomba ya mama yake, kwenye barabara ya kupanda Machame. Mwenyewe, Mzungu mmoja, akashuka Moshi kutafuta fundi, akamwachia Godlisten alinde. Akalinda kutwa nzima, hata kula hakwenda. Alikuwa akilizunguka tu na kujitazama kwenye bodi lake. Jioni yule Mzungu aliporudi hakumpa hela wala pipi. Alimpa jarida la magari lililokuwa kwenye kiti, la Kitaliano, ambalo Godlisten hajui hata neno lake moja mpaka leo. Lakini analo. Alilitoa kwenye droo ya mashine, limefungwa nailoni mbili, kurasa bado zinang'aa.

"Da Mwajabu," akaniambia, "tangu nianze kazi hii nachapa vitu vya kutupwa. Kadi ikishasomwa inatupwa. Kalenda ikifika Januari inafungiwa maandazi. Nataka kabla sijazeeka nichape kitu kimoja, mtu akitunze namna hii."

"Kachape misahafu," nikamwambia.

Alicheka, lakini niliona hakuwa anatania.

Ndipo likaja wazo la jarida. Siyo la kutandazwa barabarani Kariakoo, la. Jarida la kujiandikisha: unalipia mwaka, unaletewa mpaka mlangoni kila baada ya miezi mitatu. Karatasi nzito, picha kubwa, kurasa zimeshonwa kwa uzi na siyo kubanwa pini, kila nakala ina namba yake. Jarida la wapenzi wa magari ya spoti, kwa Kiswahili. Jina lake Usukani.

Bwana Thuwaini aliposikia alivua miwani. Ni mzee wa watu, kiwanda kakirithi kwa baba yake, ana huruma ila hapendi ijulikane.

"Godi, watu wana simu. Picha za magari zimejaa humo, bure."

"Simu inaonyesha tu, bwana. Haitunzi."

"Na wewe mwenyewe gari huna."

"Sina, bwana."

"Hata baiskeli huna."

"Baiskeli ninayo," Godlisten akajibu, kwa heshima zake zote.

Bwana Thuwaini alicheka mpaka akakohoa. Kisha akatoa sharti. Toleo la kwanza atampa karatasi na mashine. Lakini mpaka mwisho wa mwezi wa nane wawe wamepatikana watu thelathini waliojiandikisha mwaka mzima. Wasipofika, Usukani umekufa, mashine inarudi kwenye kadi, na asisikie tena habari hiyo.

Godlisten akakubali. Tulipotoka nje akaniambia likishindikana ataacha kazi, arudi Machame akahudumie migomba, maana hatakuwa na uso wa kusimama tena mbele ya ile mashine. Nikamwambia asilete uchuro. Lakini moyo ulinipasuka. Miaka ishirini na miwili mtu unakula naye mchana, ugali wako, maharage yake, halafu akwambie habari za migomba!

Mwezi wa nne akaanza kwenda Kigamboni kila Jumapili, akitoka ibada ya kwanza. Huko kwenye barabara pana zisizo na msongamano ndiko wanakokutanaga wenye magari hayo, kupigana picha na kusikilizishana injini. Mtu mzima na suruali yake ya kanisani anapiga magoti mchangani kupiga picha ringi ya tairi! Walimcheka, wakamzoea, mwisho wakampenda. Watu hamsini wakalipia toleo la kwanza ili waone, wakaacha na maelekezo ya nyumbani kwao. Huko wao walilijua kama jarida la Mzee Godi tu, jina lake hakuna aliyelishika.

Aliyempenda zaidi ni Khalil, mwenye duka la vifaa vya ujenzi huku kwetu Temeke, nyumba yake iko Kigamboni. Khalil ana Datsun ya zamani ya milango miwili, rangi ya chungwa, aliyoachiwa na marehemu baba yake, Mzee Farhan. Ililala chini ya turubai miaka kumi na tano kabla hajaifufua. Godlisten akaomba iwe ya jalada. Khalil akampa na picha ya marehemu, kaegemea gari hilo ujanani, picha yenyewe imeota ukungu hata sura huioni vizuri. Godlisten alikaa nayo wiki mbili kwenye kompyuta akiisafisha kidogo kidogo. Mwisho sura ikatoka, na meno ya mzee yakaonekana anacheka.

Karatasi zilichelewa. Jarida la mwezi wa sita likaja kutoka mwanzoni mwa mwezi wa nane, katikati ya msimu wa harusi. Nilishona nakala hamsini na moja kwa mkono, vidole vikaota sugu. Na nikiri tu: siku nilipozipanga mezani nilisimama nikazitazama. Mie nisiyependa magari niliona haya kuzishika na gundi mikononi.

Tatizo likawa bahasha. Zilizoletwa zilikuwa nyepesi, ukiingiza jarida zinachanika pembeni. Na hapa ndipo alipojitokeza hodari wa kujua kila kitu, yaani mie. Stoo kulikuwa na maboksi ya bahasha za rangi ya maziwa, kubwa, nene, ukingo wa dhahabu, zilizobaki kwenye harusi moja iliyovunjika wiki mbili kabla ya siku yake.

"Kaka Godi," nikasema, "kitu cha heshima kivishwe nguo ya heshima."

Akafurahi kweli. Nikakaa na kalamu yangu ya wino wa dhahabu, nikaandika kama ninavyoandikaga siku zote: Bw. na Bi. Khalil Farhan. Bw. na Bi. fulani. Nyuma yake Godlisten akagonga muhuri aliouchonga mwenyewe: Familia ya Usukani. Alitaka wasomaji wajione ndugu. Nikiwa naandika nikaona namba za wateja zinaanzia mbili, nikamuuliza namba moja iko wapi. Akasema, "Ina mwenyewe."

Hata mie alinipa yangu. Bahasha ile ile, ila jina langu kaliandika yeye kwa mwandiko wake wa kuku. Nikaitia mkobani, nikafika nayo nyumbani, nikaiweka juu ya kabati. Kitu nimekishona kwa mikono yangu mara hamsini na moja, nifungue nione nini tena?

Zikasambazwa na Petro, bodaboda wetu. Akarudi kachoka.

"Wamepokea, dada. Ila nyuso zao! Mmoja kafungua mlango yeye mwenyewe, akaniambia mwenyewe hayupo."

"Matajiri bwana," nikasema. "Wana mambo."

Wiki ikapita, kimya. Hakuna aliyepiga simu, hakuna aliyeandika, si kusifu si kuponda. Godlisten akasema labda wamesahau, awakumbushe. Sasa mjue kwamba Godlisten amekuwa katibu wa kamati za harusi za ukoo wao tangu nimfahamu, na ujumbe wa kukumbusha watu anaujua mmoja tu. Akaandika: "Habari za majukumu. Tunapenda kukukumbusha kuhusu bahasha yetu uliyoipokea. Ushiriki wako ni muhimu sana kwetu. Mwisho ni tarehe 31. Familia ya Usukani." Akautuma kwa wote hamsini.

Walijibu watatu. Mmoja: "Nipo msibani." Wa pili: "Mwezi ujao Mungu akipenda." Wa tatu: "Nimebanwa kidogo, ila tuko pamoja."

"Tuko pamoja wapi?" Godlisten akaniuliza.

Kutoka hapo akaanza kunyauka. Hata Kigamboni Jumapili akaacha kwenda, kwa aibu. Chakula cha mchana anakigusa tu. Mara mbili akaniuliza, "Na wewe, Da Mwajabu, umelionaje?" Nikamjibu, "Nimelishona mwenyewe, nilione mara ngapi?" Nilidhani anatafuta kufarijiwa, na mie kubembeleza sikujaliwa. Nikawa nawatukana wateja tu, kutwa. Watu gani hawa, mtu kawahangaikia miezi yote, hata ahsante hawana! Ustaarabu wameuweka wapi?

Alhamisi moja, zimebaki siku kumi na moja, nilifungua droo ya mashine kutafuta mkasi. Mkasi ulikuwepo. Lile jarida la Kitaliano halikuwepo. Kalirudisha kwake. Nikajua mtu huyu ameshaanza kufungasha.

Jumamosi asubuhi sikumuaga mtu. Nikavuka kwa pantoni mpaka Kigamboni, nikauliza nyumba ya Khalil, nikapiga hodi. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Mtu gari lake limewekwa jaladani, marehemu baba yake kasafishwa sura, halafu ananyamaza! Huyo ndiye nilitaka anieleze.

Akafungua mkewe, Wafa, binti mzuri wa watu, mtandio kichwani na mwiko mkononi.

"Shikamoo mama. Karibu."

"Marahaba mwanangu. Mie nimetoka kwa Familia ya Usukani."

Tabasamu likamkauka palepale. "Mama, usinione vibaya. Mwezi huu peke yake tumeshachangia harusi nne na kipaimara cha mtoto wa jirani. Tumechoka. Na kusema kweli, mie na mume wangu tumekaa tukaulizana, hawa akina Usukani ni watu wa nani? Yeye anasema ni wa upande wangu. Sie kwetu Unguja ukoo huo hatuna."

"Mchango gani?"

"Si ile kadi?"

Akanyoosha mwiko juu ya friji. Chini ya bakuli la vitunguu kulikuwa na bahasha kama nane, zote nene, zote za kumeremeta, na ya tatu kutoka juu ilikuwa ya kwetu. Haijaguswa. Bw. na Bi. Khalil Farhan, kwa mwandiko wangu wa dhahabu.

Toba! Nikakaa bila kukaribishwa. Yote yakanijia kwa mkupuo. Ukingo wa dhahabu. Bwana na Bibi. Familia ya. Ushiriki wako ni muhimu. Mwenyewe hayupo. Tuko pamoja. Watu hawakulichukia jarida la Godlisten. Walikuwa wanakimbia mchango! Na aliyelivisha nguo ya mchango alikuwa mie, kwa mkono wangu, tena najisifu.

Khalil akatoka chumbani na kanzu yake, akanisalimia kwa adabu. Sikumwacha amalize.

"Mwanangu, umelipia jarida lako, umelingoja miezi minne, limekuja, umeliweka chini ya vitunguu!"

"Jarida gani, mama?"

"Fungua!" nikafoka, nyumbani kwa watu.

Akaishusha, akaichana. Ilipotoka Datsun yake ya rangi ya chungwa, inang'aa kuliko hata ilivyo, akasema "Loo!" taratibu. Akafungua ukurasa, na mwingine. Kisha akafika pale kwenye picha ya baba yake. Akakaa kwenye mkono wa kochi.

"Wafa," akaita. "Njoo umwone baba. Njoo umwone anavyocheka."

Wafa hakuwahi kumkuta mkwewe hai. Aliinama akamtazama, akasema, "Kumbe meno umechukua kwake." Khalil akalia. Mwanaume na ndevu zake, analia wala hajifichi, huku akifuta vidole kwenye kanzu asije akachafua ukurasa. Nikalia naye, tusidanganyane. Wafa akafuta mikono, akafungua kabati la vioo lenye vikombe vyake vya harusi, akavisogeza, akapata nafasi katikati. Hapo ndipo alipoliweka.

"Mama," Khalil akaniuliza akipenga kamasi, "nani mwingine hajafungua?"

"Wote."

Akashika simu palepale, akarekodi sauti, akaitupa kwenye kundi lao la magari: "Jamani, zile bahasha za dhahabu siyo mchango! Narudia, siyo mchango! Ni Usukani, ndiyo ule wa Mzee Godi. Fungueni. Kama umeitupa, kaitafute jalalani, utanishukuru."

Jumatatu ikabidi nimwambie Godlisten. Njia nzima nilikuwa najipangia maneno, nilipofika yakapotea yote. Nikamweleza tu kama yalivyokuwa, kuanzia friji mpaka vikombe. Alinisikiliza ameshika kitambaa chenye wino.

"Kwa hiyo hawakulichukia?"

"Hawakuliona kabisa. Kosa langu, kaka. Bahasha nilizichagua mie, na hayo mabwana na mabibi niliandika mie. Nisamehe."

Akakaa juu ya marundo ya karatasi. Mabega yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka. "Na ule ujumbe niliandika mimi," akasema. "Ushiriki wako..."

"...ni muhimu sana kwetu," nikamalizia. Tulicheka mpaka Bwana Thuwaini akatoka ofisini kuuliza kuna nini.

Wiki ile simu ya Godlisten haikupoa. Wakili mmoja wa Mbezi, Loveness, alikuta bahasha yake imeandikwa orodha ya sokoni nyuma, nyanya, dagaa, sabuni, lakini jarida liko zima ndani. Alisema amelisoma mara mbili, na mumewe kamkataza asiliguse. Wengine walikuwa wamelitupa kweli, wakaomba nakala nyingine, hazikuwepo. Tarehe thelathini na moja, waliojiandikisha mwaka mzima walikuwa thelathini na wanne. Bwana Thuwaini akasoma orodha jina kwa jina, akavua miwani.

"Jumatatu na Jumanne mashine ni yako," akamwambia. "Na hizo bahasha za dhahabu sitaki kuziona kwenye macho yangu."

Kesho yake nilifungua droo. Jarida la Kitaliano lilikuwa limerudi na nailoni zake mbili. Nikasema alhamdulillahi.

Lakini kuna kitu kilibaki. Godlisten alikuwa na furaha, ndiyo, ila nikipita karibu yake alikuwa ananitazama halafu anaangalia pembeni. Siku moja mashine ikiwa inaunguruma akaniambia, "Siyo neno, Da Mwajabu. Nimekuelewa." Sikujua amenielewa nini. Nikadhani mashine imemeza maneno yake mengine, nikaendelea kukunja.

Mwishoni mwa mwezi wa kumi tukawa tunaandaa toleo la pili. Safari hii nikasema zinunuliwe bahasha za kaki, zile za kiofisi. Bahasha ya kaki hakuna anayethubutu kuiweka juu ya friji. Mtu anaichania mlangoni palepale, anajua ni ya mahakama au ya kodi. Wote wakaona nina akili. Ila zilitakiwa kupimwa, na kiwandani hapakuwa na nakala hata moja ya toleo la kwanza. Nikakumbuka ya kwangu.

Asubuhi kabla ya kutoka nikapanda stuli, nikaishusha juu ya kabati. Vumbi tupu. Jina langu kwa mwandiko wa kuku. Nikaichana pembeni, nikalitoa jarida, nikachukua rula. Lilipofunguka mkononi nikaona ukurasa wa kwanza umeandikwa kwa kalamu.

"Da Mwajabu. Namba moja ni yako. Watu wataona picha, hawataona uzi. Miaka yote hii umeandika majina ya watu na lako halijachapwa mahali popote. Naomba toleo la pili tuandike: Limetengenezwa na Godlisten Swai na Mwajabu Pazi. Sikutaka kukuuliza kwa mdomo, ungenifokea. Ukikubali niambie tu. Ukinyamaza nitajua hupendi, na sitakusumbua."

Nilikaa kitandani na rula yangu. Nyani haoni kundule, jamani. Nimekwenda mpaka Kigamboni kuwafokea watu nyumbani kwao, nimewaita hawana ustaarabu, na huku yangu inapigwa vumbi juu ya kabati karibu miezi mitatu. Wao walikuwa wanaogopa mchango. Mie nilikuwa naogopa nini? Nilijiona najua kilichomo, basi. Na yule mtu akaniuliza mara mbili kwa mdomo wake, mara mbili nikamjibu jeuri.

Sikunywa hata chai. Nilifika Keko natweta. Godlisten alikuwa anajaza wino.

"Kaka Godi. Nimefungua."

"Umefungua nini?"

"Bahasha yangu."

Akanitazama. "Lini?"

"Leo asubuhi."

"Leo?"

"Nilidhani najua kilichomo," nikasema.

Hakucheka. Hakuninunia wala hakunisuta, na laiti angenisuta ningepumua. Akafuta mikono taratibu, kidole kimoja kimoja, akaenda kwenye meza yake, akarudi na karatasi ya majaribio ya ukurasa wa mwisho. Chini kabisa palichapwa: "Limetengenezwa na Godlisten Swai na". Baada ya hapo palikuwa peupe, upana wa jina la mtu.

"Kila nikitaka kuifuta hiyo 'na' mkono unakataa," akaniambia. "Nikasema tungoje, labda atakuja kusema."

"Andika," nikamwambia. "Na Pazi uiandike yote, wasije wakanichanganya na Mwajabu wa Mtoni."

Halafu nikaenda uani nikalia peke yangu, nikanawa uso, nikarudi kwenye uzi wangu.